Nikatie Kumi

Duka la Taherali, Mwembe Tayari, saa nne asubuhi.
"Nikatie kumi," namwambia,
na mkasi wake waingia kwenye pakiti
kama wangu uingiavyo kwenye bafta.
Kumi ni mia tano. Thelathini ni elfu moja na mia tano.
Hesabu naijua, Bwana Taherali,
usinigeuzie kikokotozi.

Kofia moja ya vito yanila wiki saba,
tundu baada ya tundu, uzi mweupe juu ya weupe,
hadi macho yawashe kama yametiwa pilipili.
Mwezi wa vidonge una siku thelathini.
Basi kuna siku ambazo kofia haijesha
na dawa imekwisha.

Siku hizo ndizo nilizotaka kukuhadithia.

Kwanza nilikata kidonge kwa wembe wa kutatulia nyuzi.
Nusu leo, nusu kesho.
Kisha nikawa naruka siku,
kama watoto warukavyo madimbwi ya Majengo.
Kisha nikakata kabisa.
Siku ya tatu ukanipita umeme kichwani:
chap! nikigeuza shingo,
chap! nikiinama kuokota sindano.
Sakafu ikayumba kama feri ya Likoni yenye malori.
Nikaota ndoto zenye kelele, nikaamka nimerowa.
Mavyaa akasema, "Hilo ni pepo, lataka kupungwa."
Mama, nilikwisha somewa.
Kombe nililinywa, kidonge nilikinywa,
na tumboni havikugombana.
Kilichogomba ni mkoba.

Dakta Mwakio, kule Makadara, hakunifokea.
Aliweka kalamu chini.
"Batuli, dawa hii haikatwi kama uzi.
Siku yake ikifika hufumuliwa, tundu moja moja,
na wa kufumua ni sisi wawili.
Bei ikikushinda, niletee hiyo bei.
Aibu ya bei ndiyo sina dawa yake."
Akaandika jina jingine, refu,
si lile la kwenye boksi la rangi.
"Dawa ni ileile. Pale walipia boksi."

Taherali akavuta droo ya chini.
Thelathini, mia sita.
"Mbona hukuniambia?"
"Hukuniuliza. Uliniambia nikukatie kumi."
Nilimtazama hadi akaanza kupangusa kaunta
isiyokuwa na vumbi.

Jino liliponishika, jirani alinipa
vidonge vya maumivu vya mumewe, vikali, vyekundu.
Nikavifunga kwenye ncha ya leso, nikampelekea Taherali kwanza.
Akatikisa kichwa: "Hivi na vyako havikai nyumba moja."
Akanipa vingine. Siku hiyo nilimsamehe kidogo.

Mdogo wangu Mwanasiti, mtoto ana wiki sita,
alinong'ona jikoni, maji yakichemka bila chai:
"Nami ni vivyo hivyo, dada. Nigaie kimoja."
Nikamwambia haya si mahamri, hatumegeani.
Nikamvalisha buibui, nikambeba mtoto,
tukangoja foleni Makadara tangu saa mbili,
namba arubaini na moja,
tukitafuna kashata, hatusemi neno.
Alipoitwa, alinishika mkono kwa nguvu
kama siku ile ya kutogwa masikio.

Si muujiza, usije ukadhani.
Wiki ya kwanza tumbo lilichafuka.
Ya tatu ikapita, sijasikia kitu.
Halafu asubuhi moja, kwa mwenye mbaazi,
nilisikia mtu akipiga kelele:
"Arubaini? Za nazi gani hizo? Kata bei!"
Ilikuwa sauti yangu.
Sikuwa nimegombania bei tangu Ramadhani.
Mwenye mbaazi akacheka, akakata kumi.

Leo pakiti imebaki vinne,
na kofia imebaki duara la juu.
Nawasha taa. Natia uzi.