Chumvi Imekuja

Baba hakusema hata siku moja, "Nimetengeneza chumvi."
Alisema: imekuja.
Kama mvua. Kama mkwe asiyebisha hodi.
Siku ishirini na tano aliihamisha bahari
kutoka jaruba hadi jaruba,
akikanyaga gurudumu la maji kwa nyayo zilizopasuka,
akionja, akitema, akingoja.
Mwezi wa tano, misonobari ya Docho ilipomwaga chavua
na uso wa maji ukapiga manjano,
alasiri moja aliniita: Chilbok, njoo uone.
Punje zilielea, nyembamba kama kucha za mtoto mchanga,
kisha zikazama.

Imekuja, alisema. Akavua kofia.

Mimi nilikuwa kikojozi.
Sitii chumvi: hadi miaka minane
godoro langu lilikuwa ramani, kila asubuhi kisiwa kipya.
Mama hakunipiga. Alinivika ungo kichwani,
akanipa bakuli tupu, akanisukuma nje:
Nenda kaombe chumvi.
Mtoto wa mwenye majaruba, akaombe chumvi!
Ghala letu limejaa hadi darini,
nami napita na ungo wangu, mbwa wananifuata,
mpaka mlangoni kwa Bibi Bun-nyeo,
aliyekwisha kula chumvi nyingi kuliko kijiji kizima.

Alijua kabla sijafungua kinywa.
Aligonga ungo kwa upawa, ko, ko, ko,
makapi yakaniingia shingoni.
"Bahari yote hii haikutoshi,
mpaka uchimbe yako kitandani?"
Kisha alijaza bakuli. Kila mara alijaza,
akashindilia kwa kiganja,
na juu yake akaweka kiazi kitamu cha moto,
ambacho mila haikukitaja.

Chumvi yake ilikuwa ya miaka mitatu,
uchungu wote umechuruzika chini ya gunia,
haikung'ang'ania mkono.
Yetu ilikuwa bado inalia.
"Nayo huachwa peke yake," alisema,
"mpaka ikome kununa."

Jana tulimzika.
Udongo uliganda, sepetu ikapiga kelele juu ya mawe.
Tulirudi watu sita, matope hadi magotini,
na mke wangu amesimama kizingitini na bakuli,
kama ilivyo desturi: ngumi moja huku, ngumi moja kule,
ili kifo kilichotufuata kigeuzie njiani.
Aliwarushia wengine. Nilisikia punje zikigonga makoti.
Zamu yangu ilipofika nikainua mkono.

Mimi usinirushie.
Kama yuko nyuma yangu, mwache aingie.
Ananidai mabakuli, sijui mangapi.

Nikapita nyuma ya nyumba, ghalani, gizani,
nikapapasa ukutani mpaka vidole vikaugusa
ungo wa mama, ukingo umeliwa na panya.

Nikauvaa.
Nikangoja upawa.