Nusu Saa ya Maji

Vigingi arubaini na nane, vya chuma kitupu,
mita mbili hadi mbili, tangu ukingo wa falaji
mpaka tuta la chini kabisa la Al-Aqr,
penye mkomamanga uliolala ubavu.
Harith anapiga nyundo, mimi nafuata na ndoo:
maji ya chumvi, kikombe kwa kila kigingi,
maana Jabal Akhdar ni mkavu wa midomo,
hausemi mpaka ulambishwe chumvi.

Nabonyeza.
Mkondo unazama kigingi cha kwanza, unaibuka cha nne,
viwili vya kati vinategea sikio.
Jiwe linakataa. Mchanga mkavu unakataa.
Udongo uliolowa unapitisha
kama mtu asiyeweza kuficha siri.

Tumetumwa kwa ajili ya ukuta.
Ukuta wa tuta la saba umefura tumbo,
na mvua ya kiangazi, ikija kwa hasira,
huenda ikaushusha juu ya nyumba tatu.
Hatukutumwa kwa ajili ya Sleyum.

Bi Ghaniya kaja na birika la kahawa
kwa kuwa ametusikia tukitukanana Kiswahili.
“Nyie wa wapi?”
“Mama wa Wete, mimi wa Ruwi.”
Akaketi juu ya boksi la betri, hakuomba ruhusa.

“Hapa nusu saa ya maji huitwa athari.
Marehemu alikuwa na athari tatu za kurithi.
Mwaka ule falaji ilipopungua
wakahesabu, ikakosekana moja, wakamtazama yeye.
Hakuna aliyemwita mwizi.
Ila akipita, walihesabu kwa sauti.”

Athari, nikawaza:
kwetu ni alama ya kitu kilichokwisha pita.

Saa tisa picha ikajichora kwenye kompyuta,
nyekundu kwa ukavu, buluu kwa maji.
Nyekundu, nyekundu, rangi ya chungwa, halafu
chini ya sakafu ya falaji, buluu nyembamba kama uzi,
ikiteremka tuta kwa tuta,
ikijilaza nyuma ya ukuta wa saba, nene.

“Hicho nini?”
“Maji, bi.”
“Ya nani?”

Nimesoma miaka minne Sultan Qaboos,
swali hilo halikutoka hata mtihani mmoja.
“Ya falaji,” nikasema. “Kuna ufa kule juu.”
“Tangu lini?”
“Mashine haijui miaka.”
Akahesabu kwa vidole, mkono mmoja, kisha wa pili.
“Mimi najua.”

Maji yakimwagika hayazoleki;
hakuna aliyesema hayapimiki.

Akataka karatasi. Mlimani hatuna printa.
Akachukua risiti ya petroli na kalamu ya Harith,
buluu kwa bahati,
akanakili ule uzi, kituo kwa kituo, ulimi nje,
kama mtoto wa chuoni anayeandika alifu yake ya kwanza.
Akafunga karatasi pindoni mwa ushungi,
akapanda ngazi kuelekea sabla, ambako wanaume
walikuwa wametoka kusali alasiri.

Sijui alisema nini. Mlango ulikuwa mbali.
Nilisikia tu kwamba kelele zilikatika.

Kebo tuliikunja, vigingi tukaviacha:
mwezi ujao tutapima tena, palepale,
tuone buluu imenenepa au imekonda.
Harith akauliza mstari huu tuuandike jina gani.
Kwenye fomu kuna nafasi ya herufi nane.
Nikaandika SLEYUM, zikabaki mbili.