Waya wa Kulia

Mnunuzi wa Arusha alisema kwa simu:
"Injini hata ikiwa imekufa, sawa. Mimi nataka gari linalosukumika,
lipande mbao, liingie kwenye lori. Nakuja Jumamosi."
Akakata.

Gari lenyewe ni Pijo 404, jeupe la maziwa ya jana.
Limesimama pembeni ya kihamba, Uru,
pua ikitazama bondeni,
tangu jioni ile baba alipozima moto,
akavuta mpini wa chini ya dashibodi, ule kama wa mwavuli,
krrr, meno sita,
akashuka na kutia jiwe mbele ya gurudumu,
maana Wafaransa, alisema, hawajui miteremko ya Uru.
Wiki haijaisha akalazwa Mawenzi.
Miaka kumi na moja.

Nausokota mpini. Unarudi ndani bila ubishi,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.
Magurudumu ya nyuma hayana habari.
Mpini umesamehe, waya haujasikia.

Aminieli, fundi wa Kiboriloni,
mzoefu wa pikipiki kuliko magari,
kalala chali na tochi mdomoni.
"Mwalimu, kutu imehamia humu na ukoo wake wote.
Tukate. Dakika mbili."
Nimekusahihishia hesabu miaka mitatu, namwambia,
dakika zako mbili nazijua.
Hatukati.

Basi tukapandisha nyuma kwa jeki, tukaweka magogo,
tukafungua vichwa vya nyaya zote mbili.
Na hapo ndipo nilipostaajabu:
hata zilipokuwa hazijashikwa na kitu
bado zilikuwa zinavuta.
Kila waya umegandamana na ala yake, umekaza vilevile.

Tukainua ncha, tukazivisha vipande vya mpira wa baiskeli,
tukafunga kwa kamba ya mgomba,
tukamimina humo oili nyembamba na mafuta ya taa.
Chini, kopo la maziwa ya unga.
Usiku nikiwa kitandani nayasikia matone:
moja, kimya kirefu, moja.
Asubuhi koponi rangi ya ugoro.

Wa kushoto uliachia usiku wa kwanza, bila shahidi.
Nilipoamka gurudumu lilizunguka kwa kidole.
Wa kulia, Jumatano, hapana.
Alhamisi, hapana.

Alhamisi usiku sikulala.
Saa ya baba ilisimama zamani.
Jembe lake lina mpini mwingine.
Sahihi yake benki wameifuta kwa mhuri.
Lakini ule mvuto wa jioni ile, nguvu ya bega lake la kulia,
bado umo ndani ya ala,
umekibana kiatu cha breki kwenye ngoma yake,
masika na kiangazi, zamu haina mwisho,
wala hakuna aliyekwenda kuuambia.
Na mimi ndiye ninayeuchuruzia mafuta
ili uache.

Ijumaa, jua likiwa linaelekea Meru,
Aminieli akaushika kwa plaiza:
mbele, nyuma, unene wa unywele.
Mafuta.
Mbele, nyuma, unene wa ukucha.
Mafuta tena, na tusi dogo alilodhani sikulisikia.
Kisha, tk.
Kama mtu kameza mate.

"Ameachia," akasema Aminieli.
Akanitazama, akajisahihisha:
"Umeachia."

Tukapaka grisi kila ncha, ingawa mnunuzi hakuomba.
Tukarudisha vichwa mahali pake, tukashusha jeki.
Gari likateremka upana wa kiganja,
likaliegemea jiwe.

Jumamosi alihesabu noti mara mbili, mimi mara tatu.
Lori likanguruma. Akanyoosha kidole:
"Na hilo jiwe, mama? Litanifaa njiani."

Vuta meno sita, nikamwambia,
nyaya zote mbili zinasikia sasa.
Jiwe ni la hapa nyumbani.