Swali la Kumi na Saba

Nimelala Sikonge, nimedamka na bodaboda,
kilomita hamsini na kitu za vumbi la kutu
hadi Isongwa, kishikwambi kifuani
nimekiviringa kwa kitenge kama mtoto mwenye homa.
Kaya ya tisa. Nyamizi binti Lushinge,
miaka hamsini na miwili. "Andika hivyo. Cheti kiliungua."

Mwangaluka, nasema. Mwangaluka, anaitikia,
ananisogezea kigoda na kisahani cha matobolwa na karanga
kabla sijamaliza kusoma ile aya ya ridhaa
inayosema ana haki ya kukataa.
"Nikatae vipi, na umeshaketi?"

Swali la kwanza: umewahi kusikia mradi wa hewa ukaa?
Anacheka mpaka anashika mbavu.
"Neno hilo walikuja nalo na jenereta, wakalimulika ukutani mwa ghala.
Mimi nilisikia: hewa itakaa.
Nikauliza, hewa ikikaa, sisi tunahamia wapi?
Mkutano ukacheka. Afisa akacheka. Nami nikacheka,
lakini nilikuwa nimeuliza."

Hakuna kisanduku cha hilo. Nabonyeza NDIYO.

La tano, la sita: faida.
Anazitaja bila kinyongo.
Madarasa mawili, bati la buluu.
Bima, iliyomzalisha mkwewe kwa kisu hospitalini
bila mbuzi hata mmoja kwenda mnadani.
Kisima pia, ingawa mpini umeshang'oka mara mbili.
"Weka nne," anasema. "Tano ni ya Mungu."

La tisa: hasara.
Uyoga. Njia ya kwenda kwenye kichuguu alichoonyeshwa na mama yake
ina kibao sasa, na kibao kina fuvu.
Shemeji yake Kasanda haruhusiwi tena kuchuna gome la mtundu;
amepewa mizinga kumi ya mbao, bure, ya rangi ya chungwa.
Minne imeingia nyuki.
Sita wanatamia kuku.

La kumi na mbili: ajira.
Mwanawe Mhoja ni askari wa msitu:
buti, baiskeli, mshahara usiochelewa.
Mwezi wa tatu alimkamata mtu na shoka.
Kasanda. Ndiyo, huyo huyo,
aliyemfundisha shoka linavyoshikwa.
Faini laki moja. Usiku Mhoja akampa mama yake laki moja,
mama akaipeleka kwa shemeji,
asubuhi shemeji akaileta ofisini,
na Mhoja akaandika risiti, mkono hautetemeki.
Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

Kumi na saba. Nasoma kama ilivyoandikwa:
Mahusiano katika jamii
(a) yameboreka (b) hayajabadilika (c) yamezorota.

Anapasua karanga. Tupu. Anapasua nyingine.

"Ng'ambo ya korongo palikuwa na mji wa Shija.
Wafugaji. Miaka kumi na mmoja tunaazimana chumvi.
Siku ya kugawa ramani wakaambiwa hawamo kwenye rejista.
Ng'ombe wakasogea, na watu wakafuata ng'ombe,
sijui Mpanda, sijui wapi.
Binti yao Kabula alikaa dawati moja na mjukuu wangu.
Dawati la mradi, limeandikwa pembeni kwa rangi nyeupe.
Sasa mjukuu wangu ana dawati zima.
Anatandaza viwiko. Mwandiko wake umenyooka,
mwalimu amemsifu.
Haya, mwanangu, hilo unaliweka wapi?
Kwenye faida, au kule kwenye uyoga?"

Kishikwambi hakiendi mbele bila jibu.
Nimejaribu. Kinatetemeka, kinarudi pale pale.
Huko nje Mhoja anapita na baiskeli, anapiga kengele,
na mama yake hageuzi shingo.

Chini kabisa pana nafasi: MENGINEYO,
herufi zisizozidi mia.
Mwongozo unakataza majina ya watu.
Nimeandika: Kabula.
Zimebaki tisini na nne.