Picha ya Arobaini na Moja

Zamu yangu ya kuoka mikate huisha saa kumi na moja alfajiri.
Natoka na unga kwenye kope, kisibiti kikinuka nguoni,
na badala ya kwenda kulala napanda baiskeli
hadi kinamasi cha nyuma ya karakana ya reli, nje ya Jelgava,
mahali ambapo hakuna mgeni aliyewahi kupelekwa.

Lenzi niliinunua kwa Skaidrīte, mjane wa mpiga picha.
Miaka thelathini ilizoea maharusi,
shela, keki, mashangazi wanaolia kwa zamu.
Sasa naizoesha matope,
nayo yanizoesha aibu:
bata bukini wasio na vichwa,
upeo wa macho ulioinama kama rafu iliyong'oka msumari,
mbweha aliyebaki mkia,
na ukungu, picha mia mbili za ukungu.
Mume wangu Aldonis alizitazama mezani,
akauliza kwa upole kama kamera imeharibika.

Aprili nikaanza kumsikia.
Vuuu. Kimya. Vuuu.
Kama mtu apulizaye mdomo wa chupa tupu
ndani kabisa ya matete.
Modris, anayevua samaki pale kwenye kalvati, akacheka:
"Korongo wa matete huyo. Kila mwaka namsikia,
sijaona hata unyoya.
Wewe utamwona siku unabadilisha betri."

Basi nikalala kifudifudi juu ya jalidi.
Nikajifunza kubana pumzi,
kufyatua katikati ya pigo la moyo na pigo,
kupunguza mwanga ili maji yasiungue yakawa meupe.
Nikajifunza kwamba mbu nao wana subira.
Asubuhi moja usingizi ukanishinda;
nilipoamka chura alikuwa juu ya kamera,
amekalia kitufe kile kile cha kumpigia picha.

Juni ilipokwisha, sauti ikakatika.
Nikakunja stendi miguu yake mitatu
na mimi miwili yangu,
tukarudi nyumbani.

Novemba. Kadi imejaa, nami nafuta.
Futa. Futa. Futa.
Nafika ya arobaini na moja, ya Aprili tarehe ishirini na mbili,
niliyoiandikia "Matete, hakuna kitu."
Kidole ki juu ya kitufe
na tete moja likanitazama.

Jicho la manjano. Mdomo umeelekea mbinguni,
shingo imenyooka, michirizi ya kahawia ikishuka kifuani
sawa na mabua, bua kwa bua,
hatua kumi na mbili kutoka pale nilipopiga magoti
nikihangaika na fokasi, nikiulaani ukungu.
Kumbe alikuwepo.
Hakuruka, hakujificha nyuma ya chochote.
Alijifanya tete, nami nikamwamini.

Nikamwita Aldonis. Akatafuta dakika nzima.
"Wapi?"
"Hapo."
"Hapo wapi?"
Sikumwonyesha kwa kidole. Nilikwenda kuchemsha chai,
na maji hayajatokota bado
nikasikia kiti kikisukumwa, na mtu mzima akisema "Ah!"
kama mtoto aliyekanyaga maji ya baridi.

Leo barafu imeshika kingo za kinamasi.
Nimekuja tena, unga kwenye kope,
napiga matete makavu, moja moja, taratibu.
Kabla ya picha ile nilikuwa nimefuta arobaini.
Sijui nimemfuta nani.