Mizani

Juni, Soweto ya Mbeya, ghorofani juu ya duka la pembejeo.
Loleza imejifunika ukungu hadi kiunoni,
nami nina makoti mawili, kompyuta inanipasha mapaja.
Nimetumwa kupima.

Chombo cha kupimia nimekipakua bure.
Hakisomi maana, kinahesabu njia panda tu:
toka Mwanjelwa hadi Uyole bila kukunja kona, hiyo ni moja;
ukifika Uyole ukaulizwa, Tukuyu au Iringa, hiyo ni mbili;
kila "kama" inazaa njia nyingine,
na wajuzi wa kazi hii wanasema zikizidi kumi
dereva ataanza kupotea.

Nikakilisha programu ya ushirika wa chai,
ile inayokokotoa malipo ya majani mabichi.
Kikatafuna, kikatafuna,
kikatema: sabini na tatu.

Sabini na tatu! Kipande kimoja cha msimbo,
mistari elfu na mia moja bila kituo cha kupumua,
kama ndani ya kama ndani ya kama,
mabano yamefungwa mwishoni
mfano wa vifungo vya sweta la mtoto
aliyevalishwa gizani.
Aliyeiandika, Ambwene Mwasomola, alihamia Dodoma mwaka juzi.
Simu yake inaita mpaka inachoka.

Nikashika mkasi.

*Kama mwezi una siku thelathini na mbili* —
nilicheka peke yangu. Kata.
*Kama kituo ni Lwangwa na leo ni Jumanne, usiamini uzito* —
ushirikina gani huu? Kata.
*Kama mwanachama ana namba mbili za simu, lipa ya pili* —
kwa nini isiwe ya kwanza? Kata.
Namba ikashuka. Sabini. Sitini na sita. Sitini na moja.
Nikajiona mtu aliyepungua kilo
kwa kuvua viatu kabla ya kupanda mizani.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alipima mashairi kwa vidole,
nane kwa nane, midomo ikitembea kimya.
Yangu yalitimia kila mara. Nilipata alama zote
kwa beti ambazo hazikuwa na la kusema.

Alhamisi akapiga Subilaga, karani wa kituo cha Lwangwa.
Hakupandisha sauti.
"Dada," akasema, "Jumanne yetu umeipeleka wapi?"

Jumanne, kumbe, mizani yao huazimwa gulioni kupimia viazi.
Inarudi saa nane springi imelegea,
kilo ishirini za majani inazisoma kumi na saba.
Ambwene alikaa nao siku mbili, akanywa chai yao,
akaandika mstari mmoja.

"Na zile simu mbili?"

Kimya. Nilisikia jogoo upande wake,
na mtu akiburuta kiroba sakafuni.
"Ya kwanza ni ya mume, ndiyo iliyoandikwa kwenye daftari.
Sasa wewe niambie, dada,
chai anachuma nani?"

Usiku ule nilizirudisha, moja baada ya moja,
vidole vimeganda, umeme ukienda na kurudi.
Chombo kikapiga kelele nyekundu kila niliposhona.
Piga. Wewe hujawahi kufika Lwangwa.

Sisemi Ambwene aliandika vizuri.
Kuigawa nitaigawa, vipande vifupi, kila kimoja na jina lake:
Jumanne ya Lwangwa. Simu ya mchumaji.
Vipo kumi na kitu ambavyo bado sijui niviite nini,
itabidi nipande gari niende nikaulize.

Ile ya siku thelathini na mbili nimeiacha ikiwa imekatwa.
Mpaka leo hakuna aliyepiga.

Ijumaa bosi akachungulia mlangoni, kikombe mkononi.
"Ilikuwa sabini na tatu. Umeishusha kwa ngapi?"

Moja, nikamjibu.