Jezi ya Ugenini

Agosti walinipa jezi mpya hamsini na sita,
zimekunjwa, zanukia plastiki na ahadi.
Nikazibandika majina kwa pasi:
Dragutin, Vafiadis, na yule kijana Mreno
aliyenunuliwa kwa pesa ambayo Kavala nzima
iliihesabu kwa midomo kabla kahawa haijapoa.

Mimi Asimina, mfuaji wa Petritis.
Jina la klabu maana yake kipanga.
Miaka kumi na tisa nimemwona kipanga huyu
akinyonyoka, akiota manyoya, akinyonyoka tena.
Mwaka huu walimnyonyoa mchana kweupe.

Septemba, mwenyekiti na mwenye hisa
walikosana kwa ajili ya kiti,
kiti hasa, kile cha ngozi,
safu ya mbele, chini ya paa.
Kila mmoja alikuja na fundi wake wa kupigilia kibao cha jina.
Oktoba wakafikishana mahakamani.
Novemba kocha wa kwanza aliondoka na mvua,
akaniachia soksi zake na neno samahani.
Wa pili alidumu siku thelathini na mbili.
Wa tatu sikuwahi hata kujua saizi ya bukta yake.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.
Nyasi hizo mimi nazijua.
Huja kwangu kila Jumapili usiku
zimeng'ang'ania bukta nyeupe,
na kwa maji baridi hazitoki.

Januari dirisha likafunguliwa.
Wenyewe huliita hivyo, dirisha la usajili,
na kweli baridi iliingia.
Dragutin akauzwa Romania kwa simu
iliyopigwa akiwa bado anakandwa paja.
Vafiadis akaazimwa, kama jirani anavyoazima ngazi.
Mreno alikuja mwenyewe chumba cha kufulia,
miezi mitatu hajaona mshahara,
akaomba jezi yake.
Nikamwambia, si yangu kutoa.
Kisha nikampa mgongo, nikawa nakunja taulo,
nikizikunja polepole mno.

Februari shirikisho likatukata pointi sita.
Mashabiki wakafunga lango kwa mnyororo,
wakachoma matairi.
Mwanangu Thrasos alikuwa kati yao.
Shati lake lilinuka moshi, nalo nikalifua.
Sikumuuliza lolote,
ila kama amekula.

Mechi ya mwisho walicheza watoto wa kikosi cha vijana,
mikono ya jezi imewafika vidoleni.
Namba kumi walimpa Kosmidis, miaka kumi na saba,
ndevu tatu, mama yake anauza maji getini.
Jezi mpya hapakuwa na pesa ya kununua.
Ile ya nyumbani Mreno alikwenda nayo;
ya ugenini ilibaki,
nami nikaibandua herufi kwa mvuke,
moja baada ya nyingine, nikabandika jina la mtoto juu.

Nilimtazama nikiwa mlangoni, ndoo mkononi.
Alikimbia kama mtu asiyejua klabu inadaiwa.
Dakika ya sitini jasho likamlowesha mgongo,
na jina la Mreno likajitokeza
chini ya lake, herufi kwa herufi,
kama deni.

Tulifungwa moja.
Kwenye kile kiti cha ngozi hakukaa mtu.
Jezi zimerudi kumi na tatu.
Ya kumi na nne mtoto amelala nayo, mama yake kanipigia simu.
Nimemwambia asiifue kwa maji ya moto.